Kigelegele Kimoja cha Mwanakombo

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali maana simu zilikwishakuwa na kamera, Pangani palikuwa na mwanamke aliyeitwa Mwanakombo. Kwa vigelegele hakuwa na mpinzani. Harusi asiyokuwepo yeye, watu waliiita mkutano.

Mdogo wake Raya alipoposwa, Mwanakombo akaingiwa na wazo. Atatoga ulimi, atie kipini, ili akipiga kigelegele, kipini kimetemete kwenye video. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Urembo una mambo yake, jamani.

Akaenda kwa fundi Mbwana, mtoga masikio. Fundi akamsihi asubiri harusi ipite, kwani kidonda cha ulimi hakiponi haraka. Mwanakombo akang'ang'ania. Basi fundi akanawa, akavaa glavu, akafungua sindano mpya mbele ya macho yake, akachagua kipini kirefu. "Ulimi utavimba, dada. Kifupi kitazama ndani."

Ukavimba kweli. Mumewe, Hamadi, akageuka yaya: uji uliopoa, barafu ya kumung'unya, pilipili marufuku nyumbani. Kila baada ya mlo alimsimamia na kikombe cha maji ya chumvi mpaka asukutue.

Siku ya tano homa ikapanda, usaha ukatoka. Hamadi akasema ndiyo kupona huko. Wifi mtu, Tatu, hakubishana na kaka yake. Alimfunga Mwanakombo kanga, akamtia kwenye bajaji, hao hospitali. Daktari akasema wangechelewa kidogo tu, uvimbe ungeziba pumzi. Akampa antibayotiki, akamkataza kukitoa kipini mwenyewe, tundu lisije likajifunga na usaha ndani.

Mwanakombo hakuweza kusema. Akaandika kwenye karatasi: "Aliyeuokoa ulimi huu, kigelegele changu cha kwanza ni chake." Kisha akalia, maana aliogopa hatapiga tena maishani.

Asubuhi ya harusi daktari akautazama ulimi, akasema, "Kimoja tu, mama. Ukipiga cha pili, kidonda kitafumuka."

Bibi harusi akatoka. Ukumbi mzima kamera juu. Wenye kukidai kigelegele kilichoahidiwa kwenye karatasi nao wakasogea.

"Ningekutia kifupi," akasema fundi Mbwana, "kingezama, ukapasuliwa."

"Hospitali ulikaa siku moja," akasema Hamadi. "Siku zilizobaki nani alikulisha na kukusukutuza?"

"Angekufa na uji wako mdomoni, kaka," akasema Tatu.

Watu wakacheka. Raya hakucheka. "Dada," akasema taratibu, "mama alipofariki uliniambia siku yangu utanipigia wewe, kwa niaba yake. Hawa wote ungewashukuru hata kesho."

Mwanakombo akawatazama mmoja mmoja. Akainua kiganja, akavuta pumzi, akafungua kinywa, na kipini kikametameta.

Mimi namwacha hapo hapo. Nyinyi mlionisikiliza, amueni: kigelegele kile kimoja, nani alistahili?