Jina la Kona ya Kimya

Sogeeni karibu. Mwenye sikio alitege, mwenye akili aiamshe, maana hadithi naisimulia mimi lakini hukumu ni yenu.

Katika kijiji cha Kwemsanga, juu kabisa milimani Usambara, walikuwapo ndugu watatu wa tumbo moja wenye gereji. Mbaruku, mkubwa wao, alikuwa na kipaji cha kuuliza. Alikuhoji mpaka ukakumbuka jambo usilojua kuwa unalijua. Kilua, wa pili, hakuona tangu utotoni, lakini vidole vyake vilisoma chuma kama wengine wasomavyo barua. Mwantumu, kitinda mimba, alikuwa na mikono yenye subira na moyo usiotetemeka.

Nesi Zaina Shekalaghe hakuwa na vipaji hivyo. Yeye alikuwa na gari la umeme la zahanati, na alikuwa na woga.

Gari lile halikunguruma wala kukohoa. Lilishuka mlimani kila asubuhi kama mtu aliyevua viatu asiwaamshe wenye nyumba. Na mteremko wa kwanza kutoka kijijini uliishia kwenye Kona ya Kimya, mahali ambapo ukungu haukuondoka hata adhuhuri na ndege hawakulia. Zamani lori la matunda lilitumbukia bondeni pale. Dereva wake walimtafuta siku tano, hawakupata hata kiatu.

Mara mbili Zaina alikanyaga breki kwenye kona ile, na mara mbili pedeli ikazama, laini, kana kwamba amekanyaga ini. Mara ya kwanza aliikanyaga tena na tena mpaka gari likashika. Mara ya pili gurudumu la mbele lilisimama ukingoni kabisa. Alisikia kokoto zikidondoka. Hakuzisikia zikifika chini. Ndipo mgonjwa aliyelala kiti cha nyuma, mzee mmoja mwenye homa, akauliza kwa upole, "Nesi, huyu aliyepanda sasa hivi ni nani?"

Zaina hakugeuka nyuma.

Jioni, akirudi, breki zilishika vizuri tu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kona inadai mtu.

Basi asubuhi moja mwanamke aitwaye Hidaya, mjamzito wa miezi minane, akaletwa zahanati, uso umevimba, presha imepanda, anasema anaona vimulimuli. Hospitali ya wilaya ikasema kwa simu, "Mleteni kabla ya alasiri." Gari jingine pekee la kijiji lilikuwa limeshuka mnadani tangu alfajiri. Zaina akampakia Hidaya, akaliendesha lake taratibu hadi gereji.

"Ndugu zangu, nisaidieni," alisema. "Nikishuka na breki hizi nitamuua. Nisiposhuka, nitamuua vilevile."

Mbaruku akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Jioni breki zinashika?"

"Zinashika."

"Na asubuhi, ukitoka zahanati, betri inakuwaje?"

"Imejaa. Nailaza kwenye chaji."

"Jioni je?"

"Nusu. Au chini ya hapo."

Mbaruku akapiga goti lake kofi. "Mzimu tumemkamata! Gari hili ukiinua mguu, mota yenyewe hulizuia, na umeme unaopatikana hurudi kwenye betri. Betri ikijaa, umeme hauna pa kwenda, mota inaacha kuzuia, kazi yote inabaki kwa mguu wako. Breki ni mbovu siku zote, dada. Mota ilikuwa inaficha ugonjwa."

Ila mbovu wapi? Hapo Kilua akavua shati, akajiingiza chini ya gari. "Kanyaga, Nesi. Achia. Kanyaga." Akashika mpira upitishao mafuta ya breki kwenye gurudumu moja, kisha wa pili, kisha wa tatu, yote ilikaa migumu kama kamba iliyokazwa. Wa nne, nyuma kushoto, ulituna kiganjani mwake kama koo la chura. Akaupapasa mpaka penye kiungo, akakuta unyevu, akaunusa. "Huu hapa. Umechoka, na unavuta upepo. Nguvu ya mguu wako inaishia humu."

Mwantumu akapekua mipira ya akiba, akapata mmoja uliolingana, akaufunga. Akatoa mafuta ya breki yaliyogeuka rangi ya chai, akatia mapya, kisha akaanza kutoa upepo gurudumu kwa gurudumu: Zaina anakanyaga, yeye anafungua, mapovu yanatoka, anafunga. Hidaya alikuwa akiguna kwenye mkeka. Mwantumu hakuharakisha hata povu moja. Mwishowe pedeli ikawa ngumu kama jiwe.

"Bado," akasema. "Halibebi mjamzito kabla halijanibeba mimi." Akashuka peke yake mpaka Kona ya Kimya, betri ikiwa imejaa. Wakasubiri bila kusikia chochote, maana gari lile halina sauti, na hata lingeanguka lisingesikika.

Alirudi amepauka midomo. "Nilikanyaga, likasimama palepale," alisema. "Ukungu ukanipita pande zote mbili kama watu wanaotoka kuzika. Mchukue, dada. Nenda."

Zaina akashuka naye salama, na Hidaya akajifungua mtoto wa kike hospitalini kabla ya alasiri, wote wawili wazima.

Wiki iliyofuata wanakijiji wakakubaliana kwamba kona ile ikome kuitwa jina la kutisha, ipewe jina la aliyeishinda. Kibao kikachongwa. Kilitosha jina moja tu, na kuchagua wakamwachia Zaina.

"Bila maswali yangu," alisema Mbaruku, "hata leo mngekuwa mnamsaka mganga."

"Maswali yako hayakuushika ule mpira," Kilua akamjibu. "Ungejua lini, usingejua wapi."

Mwantumu akafuta mikono kwa kitambaa. "Mlijua, kaka zangu, mkabaki gereji. Aliyelitengeneza gari na kushuka nalo ni mimi."

Zaina akaenda konani mchana kweupe, ukungu umemfika kiunoni, kibao kitupu mbele yake na brashi yenye rangi mkononi. Akainua brashi, akaishusha. Akainua tena.

Haya, wasikilizaji wangu. Brashi ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?