Pikapu Iliyopanda Mlima Kinyumenyume

Ndugu zangu, leo naomba mnivumilie nimzungumzie mtu ambaye sijapata kumwona kwa macho, lakini mara nyingi nikipiga magoti kuomba namkuta ameshatangulia kufika.

Ni mzee mmoja mwenye pikapu. Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu kuliko wengi wenu mliokaa viti vya mbele. Rangi yake ya bluu ilibaki chini ya milango tu, na mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani. Mzee aliishi juu mlimani, soko lilikuwa chini. Kushuka na kabichi hakukumsumbua. Kazi ilikuwa kupanda. Meno ya gia ya kwanza yalikuwa yamekwisha, hata gari likifika penye mwinuko, gia ilichomoka yenyewe na gari likaanza kurudi bondeni na watu wake. Gia pekee iliyobaki na nguvu ya mlima ilikuwa ile ya kurudi nyuma.

Sasa mtu afanye nini? Mzee akifika chini ya mlima, pale kwenye kalavati, aligeuza pikapu, akaelekeza boneti bondeni, akaingiza rivasi, akapanda mlima mzima kinyumenyume.

Miaka ikapita hivyo na watu wakazoea. Abiria waliosimama nyuma kwenye bodi ndio waliokuwa macho yake. Waligundua kwamba kumwambia kulia na kushoto kunamchanganya, maana kulia kwao hakukuwa kulia kwake. Wakaacha. Upande mmoja wa barabara kulikuwa na mashamba ya mahindi, upande wa pili korongo, basi wakawa wanapaza sauti: "Mahindi kidogo, mzee. Mahindi. Haya, korongo sasa, korongo kidogo, hapo hapo." Mgeni aliyesikia dereva anaambiwa aende korongoni, mara nyingi alishuka akatembea.

Siku moja walio nyuma hawakupatana. Mmoja alisema mahindi, mwingine akasema korongo, na tairi moja likaning'inia hewani. Hakuna aliyeumia. Lakini mke wa mzee, aliyekuwa amekaa mbele pamoja naye, alishuka na hakupanda tena gari lile. Magoti yake yalikuwa mabovu, hayawezi mlima ule kwa miguu, kwa hiyo akabaki chini, nyumbani kwa binti yao Namsifu.

"Baba Namsifu," alimwambia mumewe, "sijakukimbia. Siku utakayopanda huku unaona unakokwenda, njoo unichukue."

Mzee akaanza kujipikia. Siku za soko alikaa na mkewe sebuleni kwa binti kama mchumba aliyekuja kuposa, anapewa chai, anaulizwa habari za mbuzi, kisha anaaga. Mtu na mkewe wanaagana mlangoni. Hebu lifikirieni hilo.

Mwishowe alimtafuta fundi, akamweleza anachotaka. Fundi akapata giaboksi ya lori dogo lililokufa mambo mengine lakini gia zake nzima. Kuifunga hakukuwa rahisi, kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko nafasi yake. Walikata sakafu ya gari, wakachomelea kishikio kipya, wakafupisha propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, na mkono wa gia ukatokea karibu na kiti kiasi kwamba mzee alikaa goti moja upande huu na goti moja upande ule.

"Hii ikikamata haiachii," alisema fundi. "Ya zamani isahau."

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri hata mzee akaimba. Akaenda moja kwa moja kwa binti yake. Alimkuta mkewe kwenye ngazi amevaa vitenge vya safari, fimbo mkononi, furushi miguuni. Wakapanda wote wawili mbele, fundi naye akafuata kwa pikipiki ili aone kazi yake ikipanda mlima.

Wakafika kwenye kalavati. Mzee akageuza pikapu, akaelekeza boneti bondeni.

"Unafanya nini?" aliuliza mkewe.

Mzee aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Sijui," alisema.

Akaligeuza tena, boneti ikatazama juu. Akashika mkono wa gia. Gari likaunguruma pale pale. Jasho likamtoka. Baada ya muda akazima injini, akashuka, akamwita fundi.

"Gia ya kwanza haina nguvu."

Fundi hakubisha. Mama alishuka akakaa ukingoni mwa kalavati, na fundi akaingia, akalipandisha gari mpaka kona ya kwanza, akarudi nalo taratibu.

"Mzee, ni nzima. Wewe umeijaribu?"

"Nimeijaribu."

"Umeiingiza, ukaachia klachi?"

Mzee alijifuta jasho. "Nimeishika," alisema.

Fundi akafungua boneti, ingawa giaboksi haiko huko. Alilala chini ya gari akagonga hiki na kile. Alipotoka, alikuwa amechanganyikiwa kama mwenye gari. Na huyu mzee, ndugu zangu, hakuwa mwongo wala mvivu. Alimpenda mkewe. Alitaka kupanda. Nguvu ya kupanda alikuwa nayo, imefungwa chini ya kiti chake na nati zake zote. Mbona gari halikwenda?

Mkewe ndiye aliyeuliza vizuri. "Baba Namsifu, niambie. Ni gari, au ni nini?"

Mzee aliinua uso akaitazama ile barabara nyekundu inavyopinda na kupotea juu. "Mama Namsifu, huu mlima ulikuwa mkali hivi siku zote?"

"Si ni mlima wetu? Unaupanda kwa gari tangu Namsifu hajazaliwa."

"Nikiwa kwenye usukani, sijawahi kuuona," alisema mzee. "Nikishuka naona bonde. Nikipanda naona bonde."

Mnalisikia neno hilo? Tulidhani, na yeye alidhani, kwamba alipanda kinyumenyume kwa sababu ya gia mbovu, na mwanzo ilikuwa kweli. Lakini kupanda huku huoni unachopanda kuna raha yake. Gia mbovu ilikuwa imemfichia hofu miaka yote hiyo, na ilipoondolewa, hofu ikabaki imekaa peke yake kwenye kiti.

Fundi akajifuta mikono. "Kwa hilo sina spana, mzee," alisema, na alisema kwa heshima.

Mama akasimama kwa fimbo yake, akaenda mbele ya pikapu, akaipa mgongo. "Ingia," alisema. "Mlima usiutazame. Nitazame mimi. Nikienda, njoo. Nikisimama, simama."

"Na magoti yako?"

"Magoti ni yangu. Ingia."

Akaanza kupanda. Hatua, fimbo, hatua, fimbo. Mzee akaingiza gia ya kwanza, akaukazia macho mgongo wa mkewe, akaachia klachi. Gari likamfuata kwa mwendo wa mama mwenye magoti mabovu.

"Mahindi kidogo, Baba Namsifu," alisema mama bila kugeuka.

Walipofika kwenye kona, magoti yakagoma. Mama akasimama, na mzee akasimama, mahali penye mwinuko kuliko pote. Mama akafungua ile kamba ya katani, akajivuta ndani, akakaa. Mzee akainua macho, akautazama mlima wote uliobaki, akaondoka. Gia ilikamata, haikuachia.

Sasa sisi. Kila tukikusanyika hapa tunaomba nguvu: Bwana, nipe nguvu ya kusamehe, nipe nguvu ya kuacha pombe, nipe nguvu ya kurudi nyumbani kwangu. Sisemi tuache kuomba. Nauliza tu: je, kama tulishapewa? Kama kazi ilishafanyika, nati zimekazwa, na bado tukifika kwenye kalavati mkono unageuza gari wenyewe, maana bonde tunalijua na mlima hatujawahi kuutazama usoni?

Mtu asimcheke mzee huyu. Hata yeye hakujielewa, na wengi wetu hatujielewi. Na mkitazama vizuri, Mungu hakumkemea kwa ngurumo. Alimtuma mtu mwenye magoti mabovu atembee mbele yake, polepole, kwa mwendo ambao mwoga anaweza kuufuata. Hivyo ndivyo Bwana wetu anavyotutangulia, na mwili wake uliumia msalabani kuliko magoti ya mama yule.

Basi wewe uliyeishika gia siku zote hizi, gari linaunguruma na mwenzako anakungoja: mlima uache kwanza. Mtazame aliye mbele yako. Achia klachi.