Udongo Hausomi Cheti

Udongo hausomi cheti. Ndivyo Mwalimu Maliselino alivyomjibu Ombeni asubuhi ya leo, kisha akachechemea kwenda kunywa chai yake, akawaacha mnatazamana. Ombeni alikuwa amelalamika. Alisema hii ni wiki ya tatu anatembea na mtaimbo na koleo kama kibarua, hajaruhusiwa kugusa leva ya kijiko, mtambo wenyewe wa kuchimbia, hata mara moja, na binamu yake kule mjini alipata cheti cha opereta kwa siku kumi na nne tu. Sasa mmekuja kuniuliza mimi msemo huo umetoka wapi, eti kwa kuwa mimi ndiye mkongwe wa yadi hii. Kaeni hapo kwenye mbao. Hamkukosea mlango, ila sababu siyo ukongwe. Msemo huo ulizaliwa kwa kosa langu, na kila nikiusikia nakasirika upya, kwa hiyo msishangae sauti yangu ikipanda.

Haya, ulianza hivi.

Miaka hiyo sikuwa hapa. Nilikuwa mtahini katika chuo kingine, ambacho sitakitaja kwa sababu kimeshakufa na marehemu hasemwi vibaya. Waendesha vijiko wengi wa wakati huo hawakuwa wamekaa darasani. Mtu alianza kwa kuosha mtambo, akawa utingo, akakaa pembeni ya opereta miaka miwili mitatu akiangalia mikono yake, mpaka siku moja opereta anashikwa na malaria naye anaambiwa panda. Kisha likatoka agizo kwamba kila anayeshika mtambo awe na cheti. Agizo lilikuwa zuri. Watu walikuwa wanakufa. Nalisema hilo mapema, asije mmoja wenu akaenda kutangaza kwamba mzee Kihwele anapinga vyeti.

Maliselino alikuja kutahiniwa kwetu. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kijiko, yote kwa mkandarasi mmoja, na alikuwa na miguu yote miwili mizima. Tukampa mtihani wa vitendo. Jamani! Alichimba mtaro ambao chini yake ungeweza kutandika mkeka ukalala. Lakini nililolikumbuka baadaye ni lile alilofanya kabla ya kupanda. Alitembea mstari mzima wa mtaro na mtaimbo, kila hatua mbili anaupiga chini na kutega sikio. Kisha akamwendea mlinzi wa chuo, akavua kofia, akamwamkia "kamwene", akamuuliza zamani hapa palikuwa na nini. Mlinzi akamjibu palikuwa shamba la mahindi tu. Ndipo akapanda, akashusha ile miguu miwili ya nyuma ambayo kijiko husimamia kinapochimba, akaanza kazi. Wenzangu walicheka, na mimi nilicheka. Kwenye fomu yetu hapakuwa na alama za kumuuliza mlinzi.

Mchana tukamwekea karatasi ya maswali arobaini, yote ya Kiingereza. Maliselino aliishia darasa la nne. Akakaa nayo saa mbili, akaandika jina lake vizuri kabisa, akairudisha. Nikamwandikia amefeli, na sikuona aibu hata kidogo. Niambieni nyie mliosoma, tangu lini ardhi ya huku kwetu ikazungumza Kiingereza?

Wiki hiyohiyo akaja Denisi, mpwa wa yuleyule mkandarasi wa Maliselino. Kijana mpole, mwenye adabu, Kiingereza kinateleza. Alikaa nasi siku kumi na nne, akihamisha mchanga uliokwisha kulegezwa kutoka kulia kwenda kushoto kwenye uwanja tambarare, basi. Mtaro hakuwahi kuchimba, hata wa kupitisha maji ya kuogea. Mkandarasi akanialika kwake Jumapili baada ya ibada. Hakunipa senti wala hakunitisha. Alinichinjia jogoo. Firigisi akaniwekea mimi, heshima ya mgeni, huku akisema kijana ana haraka kidogo, kazi ya bomba inaanza kesho. Nami nikanawa mikono ovyo ovyo, nikasaini palepale mezani. Kwenye cheti cha Denisi, pembeni ya sahihi yangu, palibaki doa la mafuta.

Mnacheka. Ngojeni.

Kazi yenyewe ilikuwa mtaro wa bomba la maji, unaopita katikati ya mtaa wa zamani wenye nyumba zilizobanana. Mkandarasi alimshusha Maliselino kwenye kijiko, akampandisha Denisi. Maliselino akapewa koleo, asawazishe chini ya mtaro nyuma ya mtambo aliouendesha miaka kumi na tisa. Alikuwa na watoto watano, na mwenye watoto watano humeza mengi. Ila asubuhi ile alichukua mtaimbo akautembea mstari kama kawaida yake, maana kutembea hakuna aliyemkataza. Alipofika nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, Bibi Sekalinga, mtaimbo ukazama kama umechomekwa kwenye uji. Akavua kofia, akaenda kuuliza. Bibi akamwonyesha kwa fimbo yake: hapo palikuwa choo chao cha kwanza, na hapo pembeni cha pili. Desturi yetu mnaijua wenyewe. Choo cha shimo kikijaa tunakifukia kwa udongo na majivu, tunapanda mgomba juu, tunasahau. Miaka ishirini baadaye juu pagumu, chini patupu.

Denisi alikuwa ameshakileta kijiko mahali hapo. Maliselino akasimama mbele yake, akainua mkono.

"Kijana, usishushe miguu hapa. Chini kuna vyoo viwili. Rudi nyuma, kipande hiki tutachimba kwa mkono."

Denisi alisita. Hilo aliniambia mwenyewe baadaye, kwamba mkono ulikwisha kwenda kwenye ufunguo azime mashine. Lakini msimamizi wa kazi alikuwa amefika, kalamu sikioni, akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Maliselino, wewe una cheti?"

"Sina."

"Basi mwenye cheti ndiye anayejua. Shuka mtaroni. Denisi, chimba."

Denisi akashusha miguu, akachimba. Mara ya kwanza salama, ya pili salama. Mara ya tatu udongo ulikuwa mwingi, akauzungusha pembeni, na mguu wa kushoto ukatoboa ardhi. Kijiko kikalala ubavu kuelekea mtaroni. Mle ndani walikuwa wawili, Maliselino na kibarua mwenzake aitwaye Tulizo, ambaye mkewe alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia. Maliselino macho yake hayakuwa yamebanduka kwenye ule mguu wa kijiko tangu ushuke. Alimsukuma Tulizo kwa nguvu zote akaangukia mbele huko, mbali na mtambo. Yeye mwenyewe hakuwahi kutoka. Goti mnaloliona, lile lisilokunjika, ndipo lilipobaki.

Sasa sikieni kinachonichoma mpaka leo. Kesho yake wakaja wakaguzi kuandika taarifa, nami nikaitwa nithibitishe cheti. Nilikuta kijiko bado kimelala, na Maliselino yuko hospitali anawekwa vyuma. Mkaguzi mkubwa akauliza nani alikuwa kwenye mtambo, na kama ana cheti. Akakipokea, akakisoma kwa sauti: jina, namba, tarehe, sahihi yangu. Safi kabisa. Akauliza nani ameumia, na kama naye ana cheti. Hana. Basi akaandika kwamba ajali imesababishwa na mtu asiye na sifa aliyeingilia kazi ya opereta. Haki ya Mungu, ndivyo alivyoandika! Mtu aliyewaonya, aliyemwokoa mwenzake, ndiye aliyegeuzwa mkosaji. Kwa maneno yale asingehesabiwa kuwa ameumia kazini, asingetibiwa ipasavyo, na mtambo asingeugusa tena maisha yake. Kisha mkaguzi akanigeuzia karatasi ile na kunipa kalamu, nisaini chini kama shahidi.

Bibi Sekalinga alikuwa amesimama palepale na fimbo yake, na tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza neno. Akaomba akione hicho cheti. Kusoma hakujua. Akakigeuza huku na huku, akamrudishia mkaguzi.

"Mwanangu, kisome tena. Ila safari hii lisomee hilo shimo, tuone kama litafumba."

Mkaguzi akamweleza kwa upole kwamba opereta alikuwa na cheti na sheria inataka hivyo.

"Nimekusikia, baba. Lakini udongo hausomi cheti. Mtu wa kuusoma udongo alikuwepo, alikuja mlangoni kwangu kuniuliza. Ndiye mliyemtumbukiza shimoni."

Wanangu, jogoo yule nilikuwa nimemla siku mbili zilizopita, lakini mafuta yake yalinipanda kooni. Nikairudisha kalamu. Nikasema mbele yao wote, mkandarasi akiwa amesimama pale, kwamba kijana huyu hajawahi kuchimba mtaro hata mmoja mbele ya macho yangu, na kwamba nilisaini nikiwa nimeshiba. Nikamwambia mkaguzi pale alipoandika jina la Maliselino aandike la kwangu. Mkandarasi alinitazama kama mtu aliyetapika kwenye sinia lake. Kazi nilifukuzwa kabla ya wiki kwisha, na wala sikuonewa. Taarifa iliandikwa upya baada ya vuta nikuvute ndefu, na Maliselino akatibiwa kama mtu aliyeumia kazini.

Nilikwenda kumwona hospitali. Nilijiandaa kutukanwa kwa ajili ya ule mtihani wa Kiingereza, na nilistahili.

"Mimi ulinikosea kidogo," akaniambia. "Aliyeonewa ni yule mtoto. Alikuja kwenu kutafuta kazi, mkampa karatasi."

Denisi alikuwa nje kwenye benchi, ameinamisha kichwa katikati ya magoti, analia. Kijana wa miaka ishirini na mbili. Sisi watu wazima wenye suruali zilizopigwa pasi ndio tuliomfikisha pale, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekaa naye.

Msemo wa bibi ukasambaa mtaani, ukafika sokoni, ukafika kwenye yadi zote za mitambo. Na hapo napo nina hasira. Siku hizi mvivu akiambiwa akasome anajibu, aa, udongo hausomi cheti, kana kwamba Bibi Sekalinga alisema vyeti vichomwe moto. Hakusema hivyo. Alisema karatasi haiwezi kukusimamia pale ambapo hukufundishwa kusimama. Ndiyo maana tulipoanzisha yadi hii, mimi na Maliselino na magongo yake, tulikubaliana mtihani uwe wa Kiswahili, na asiyeweza kuandika aulizwe kwa mdomo. Cheti namba moja ni chake. Alijibu maswali yote arobaini, na mawili alinisahihisha mimi. Cheti namba mbili ni cha Denisi, aliyerudi akaanza kwa kuosha mtambo, akabeba mtaimbo miezi mitatu. Leo yuko milimani anachimba barabara, na kila anapofika anavua kofia kwanza na kuwauliza wenyeji.

Basi mmeujua. Nendeni mkafanye kazi.

Wewe Ombeni, subiri kidogo. Jana jioni mjomba wako alinipigia simu. Mtu mwema, mchangamfu. Alisema una haraka kidogo, kuna kazi inakungoja mwezi ujao, akanikaribisha kwake Jumapili tukale kuku. Nimemshukuru sana, nikamwambia siku hizi kuku sili.

Chukua mtaimbo wako. Anza pale kwenye ukuta, na kabla hujapiga hatua ya kwanza nenda kwa mama muuza vitumbua, umuulize vizuri hapa zamani palikuwa na nini. Ukifika mwisho, rudi uanze tena. Cheti nitakuandikia siku itakapofika, kwa mkono mkavu. Mpaka hapo, mwanangu, udongo hausomi cheti.