Kiboko Aliyevimbiwa na Umeme

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nguzo!

— Nguzo ya nini?

Nguzo ya umeme!

— Na umeme uko wapi?

Ah, tulieni niwaambie, maana Kiboko mwenyewe mpaka leo hajaelewa ulipitia wapi.

Zamani, wala si zamani sana, palikuwa na nchi ya wanyama iliyotoka vitani. Nguzo zimelala chini, nyaya zinaning'inia kama mlenda, mafundi wamekimbilia ng'ambo. Kilichosalia ni mtambo mmoja tu pale kwenye maporomoko ya mto, unazunguka vuu, vuu, vuu.

Na mtoni alikaa nani? Kiboko. Akaja, akalilaza tumbo lake mlangoni pa mtambo. "Maji yangu, mtambo wangu, umeme wangu!"

Akawasha taa kuzunguka bwawa lake. Akawasha feni ya kumpepea mgongo. Akawasha hita ya kumpashia maji. Wengine wote, giza tii!

Bi Kanga, muuguzi wa zahanati, alikuwa na sanduku la joto la kuangulia mayai. Mayai yenyewe ya kina mama waliokufa vitani. Akaenda kuomba.

"Bwana Kiboko, mayai yanapoa."

"Yakalie."

"Ni mengi, Bwana, na mimi ni mmoja."

"Basi nenepa!"

Bi Kanga akarudi anajifuta machozi kwa bawa.

Kumbe hata bwawani mambo hayakuwa shwari. Kiboko kajilaza, mara taa, pwaa! Ikapasuka. Akatazama huku, akatazama kule. Nani karusha jiwe? Hakuna mtu. Nyingine, pwaa! Feni ikalia ngwiii, ikatoa moshi. Maji yakaanza kuchemka, tokotoko-tokotoko, Kiboko akaruka nje matako mekundu.

"Nani ananipiga?" akauliza. 

Basi akashuka Pimbi, kijitu cha mawe ya juu ya maporomoko, kidogo hata ukikikanyaga hujui.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. We Pimbi, taa zangu zina nini?"

Pimbi akatega sikio kwenye waya. Akatikisa kichwa. "Loo! Umevimbiwa na umeme."

"Nimevimbiwa? Mbona tumbo haliumi?"

"Mtambo wa nchi nzima, mlaji mmoja. Unaobaki uende wapi? Unakurudia wewe."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kukamchosha, akakaa chini. "Sasa nifanyeje?"

"Umeme wa ziada watwishe wengine. Wavimbiwe wao."

"Wale wanaolialia mlangoni kwangu?"

"Hao hao."

"Wataumia?"

"Bwana, mimi nimeshaanza kuwahurumia."

Kiboko akacheka, kho-kho-kho! Akamwita Twiga mwenye shingo ya kazi, nyaya zikatundikwa kijiji kizima. Pimbi naye mbio, mlango hata mlango, ananong'ona: "Mkisikia hatua zake, pigeni kite!"

Kiboko akaenda kutazama mateso. Kwa Nyani, mashine ya kusaga inanguruma, Nyani mweupe kwa unga. "Uuuh, tunaelemewa!" Zahanati, sanduku lina joto, Bi Kanga kajishika kiuno. "Oooh, tunakufa!"

Kiboko akafurahi. Lakini kila alipopita tena, akakuna kichwa. Wanalia, mbona wamenawiri? Wanakufa, mbona wameongezeka? Maana zahanati sasa ilijaa vifaranga, piyo, piyo, piyo!

"Hawa wametoka wapi?"

"Ndiyo mateso yenyewe, Bwana," akasema Bi Kanga. "Tazama yalivyo mengi."

Kiboko akaondoka taratibu. Moyoni akasema: nimedanganywa. Lakini nimedanganywa wapi? Taa hazipasuki tena. Maji ni vuguvugu. Hasira ikampanda bila kujua inamhusu nani. Akaivuta swichi. Kijiji chote, tii!

Pwaa! Pwaa! Tokotoko-tokotoko! Kiboko huyo, mbio, maji ya moto yanamchuruzika, mpaka zahanati.

"Uchukueni! Uchukueni umeme wenu!"

Bi Kanga alikuwa amewafunika vifaranga kwa mbawa zake zote mbili, na wengine wanatetemeka nje ya mbawa. Safari hii hakupiga kite.

"Tukiuchukua, hutakata tena?"

"Sikati!"

"Na masika magogo yakiziba njia ya maji?"

"Nitayatoa mimi!"

"Na matope?"

"Na matope!"

Pimbi, naye yupo mlangoni, akavuta pumzi ndefu. "Jamani, tumsaidie mzee wa watu. Tuubebe." Swichi ikarudi. Piyo, piyo, piyo!

Tangu siku hiyo, masika kwa masika, Kiboko yumo majini anasukuma magogo. Wapitao humwambia, "Pole na kazi, Bwana Mkubwa!" Naye hujibu, "Nimeshapoa." Kisha husimama, gogo begani, akajiuliza: kama mimi ndiye bwana mkubwa, hii kazi ni ya nani?

Basi wanangu, funzo ni hili: jirani ukimchukia kwelikweli, usimtukane, usimpige. Mvutie umeme, ateseke.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa imezidi chumvi, nirudishieni nikaiunge upya.