Misumari ya Mtakatifu Ansavero

Nipeni masikio, niwape ngano. Paliondokea mji wa Tulivani, na somo wake, mtakatifu mlinzi wa mji, alikuwa Mtakatifu Ansavero, ambaye sanamu yake ya mti wa mninga ilisimama altareni kanisani. Wenyeji, wakihofia majirani wasije wakamwiba, waliipigilia miguu yake kwa misumari mitatu.

Ikawa zimwi likamnyakua binti wa mjane Veridiana, likakimbia naye pangoni. Mji ukapiga magoti, ukamwita somo mara tatu, asijibu. Veridiana akashika koleo.

"Wewe mama, ukimfungua atatuhama!" akafoka mzee wa kanisa.

"Baba, nawe ukipigiliwa miguu utakwenda wapi?"

Akang'oa msumari wa kwanza, sanamu ikatoa jasho. Akang'oa wa pili, ikahema. Akang'oa wa tatu, Ansavero akashuka altareni, akatoka bila kuaga.

"Si nilisema? Huyo kaenda!"

Veridiana akasimama mlangoni, akingoja. Jua lilipopinda, Ansavero alirudi, damu ya zimwi kwenye fimbo yake, binti amelala begani. Akamkabidhi kwa mamaye, akapanda mahali pake, akawa mti tena.

Tangu hapo, siku ya somo, kila mzazi wa Tulivani humbeba mwanawe begani hadi kanisani. Ngano yangu imefika. Aliyeipenda na aichukue.