Sultani Aliyekwama Kati ya Udi na Marashi

Hapo zamani, pua za wakubwa zilipokuwa na amri kuliko vichwa vyao, palikuwa na sultani aitwaye Tajidini, naye hakujua lini ajifukize udi na lini ajirashie marashi ya waridi. Katika joto la kaskazi alijifukiza udi hata kilemba kikatoka moshi, na bwana arusi aliyeketi kando yake akazimia. Katika baridi ya kipupwe akajimwagia marashi, akatetemeka matangani hata wafiwa wakacheka. Basi akawauliza mawaziri wake. Aliyesema udi alifungwa, aliyesema marashi alifungwa, na aliyenyamaza alifungwa pia, ikawa mlinzi wa gereza hana pa kulala.

Ndipo akasikia habari za Kheri Vuai, msuka mikeka, fukara mwenye maneno. Sultani akaenda kwake na askari sita, akaketi juu ya kitanda pekee kilichokuwamo, akaapa, "Sitoki humu hata nijibiwe. Nawe ukikosea, utawafuata mawaziri."

Kheri akaomba muda wa kufikiri. Siku ya kwanza wageni wakala kuku. Siku ya pili wakala muhogo wote. Siku ya tatu sultani akaanza kumtazama mbuzi, na maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyokuwa chakula cha mtoto wa Kheri. Bi Mize, mkewe, akalia waziwazi, na Kheri akaona maji yamemfika shingoni.

Basi akaenda kuazima vitu kwa jirani. Aliporudi akamrashia sultani marashi, akasema, "Karibu, bwana wangu." Sultani akajinyoosha kwa raha. Kisha Kheri akaleta chetezo kinachofuka udi, akakipitisha chini ya joho lake. Na katika mji ule, mwenye nyumba akishapitisha udi, mgeni huaga akaenda zake. Sultani mwenyewe aliwaondoa wageni wake hivyo maisha yake yote. Askari wakavaa makubadhi. Sultani naye akainuka, akasema, "Haya, Mungu awabariki," na miguu ikampeleka mpaka njiani.

Huko akashtuka. "Kheri, mbona nimetoka? Nami niliapa sitoki hata nijibiwe."

"Basi umekwisha kujibiwa, bwana wangu. Marashi ni ya kuja, udi ni wa kwenda. Joto likija, jirashie, likienda, jifukize. Bibi arusi anakuja, marehemu anakwenda."

Sultani akaridhika mno. "Basi nami narudi ndani," akasema, "unirashie tena."

Bi Mize akatia komeo, akajibu kwa ndani, "Marashi yamekwisha, bwana. Udi ungalipo."

Sultani akacheka hata akakaa chini mavumbini. Siku ile ile akawafungua mawaziri, na kesho yake Kheri akapata magunia ya mchele na kuku ishirini. Vyote vililetwa na askari. Sultani mwenyewe hakuthubutu kuja.