Mgawa Maji Aliyezawadiwa Shamba

Ukipewa shamba bure, umepata au umeibiwa? Wewe uliyeegemea nguzo, nakuuliza wewe. Hujui. Basi kaa vizuri.

Nikisema maji, semeni yaje. Maji.

Yaje.

Ya nani?

Ya zamu.

Zamani, kusini mwa Bara Hindi, palikuwa na wilaya kavu kama koo langu siku ya intavyuu. Nilisoma huko miaka minne. Digrii nilirudi nayo, kazi bado wananitafutia, ila ngano hii alinipa Mama Shantavva, mpishi wa bweni letu, akitandaza mikate ya mtama kwa viganja. Alisimulia akitazama dirishani, kana kwamba kwao ni ng'ambo ya barabara.

Kwao udongo ni mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka mbuzi anatumbukiza mguu. Mvua ni wiki sita, ikikupenda. Lakini wafalme waliojenga ile ngome ya kilimani, ambamo leo wanalala popo, walijenga na bwawa. Likijaa, bata wa mbali wanatua, karanga zinachanua njano, watoto wananuka tope hadi usingizini. Jamani, siku hizo.

Bwawa lilikuwa na mgawa maji, wao humwita neeruganti. Yeye ndiye anayeinua kizibo cha jiwe. Kisha anaweka bakuli la shaba lenye kitundu lielee ndani ya mtungi wa maji, lijae polepole. Bakuli likizama, zamu yako imekwisha, uwe tajiri, uwe mjane. Na sharti la mababu lilikuwa moja tu: mgawa maji asiwe na shamba chini ya bwawa. Hata kipande cha kufungia mbuzi. Mwenye shamba atajipendelea. Watu hawa hawakukanyaga chuo, lakini hilo walilielewa.

Mgawa maji alikuwa Durgappa. Mkewe, Gangavva. Na mwenye nusu ya mashamba yote, bosi wa kijiji, alikuwa Basangouda, watu wakimwita Gouda.

Mwaka wa mvua haba Basangouda akaja. "Durgappa, bakuli lako linazama upesi sana kwenye zamu yangu."

"Gouda, bakuli halijui jina la mtu."

Akaja mara ya pili, na mbuzi. Mbuzi akarudi kwao. Mara ya tatu akaja na ngoma, shada la maua, na kijiji kizima nyuma yake.

"Mtu mwaminifu hivi aishi bila ardhi? Nampa shamba la karanga lililo karibu na kizibo. Ni lake na watoto wake."

Watu wakashangilia. Gangavva, ambaye tangu utoto alipalilia vya watu, alipiga magoti akashika udongo. Durgappa akavaa shada. Nani angekataa? Wewe ungekataa? Acha uongo.

Kesho yake asubuhi Basangouda akaita wazee. "Sharti ni sharti. Mwenye shamba hagusi kizibo." Akamsimika mtumishi wake Mallesha, asiye na hata tuta.

Mallesha akawa anashikilia bakuli kwa kidole, lisizame, zamu ya bosi ikiwa inaendelea. Mashamba ya mwisho wa mfereji yakanyauka. Mjane Hullavva akaja na shina kavu la karanga mkononi. "Akka, dada yangu, zako zimechanua. Zangu hizi."

Gangavva hakula siku hiyo.

Durgappa akaenda kulirudisha shamba. "Zawadi hairudishwi," akasema Basangouda, akitafuna tambuu.

"Basi tafuta ngoma," Gangavva akamwambia mumewe. "Na maua."

Wakaenda kwa Mallesha, kijiji kizima nyuma yao.

"Mallesha, umemlimia Gouda miaka mingapi?"

"Ishirini, akka."

"Umepata nini?"

"Mgongo."

Watu wakacheka. Gangavva hakucheka. "Tunakupa shamba letu. Ni lako na watoto wako."

"Usipokee, mpumbavu," akasema Basangouda, aliyekuja akifuata ngoma.

Mallesha akamtazama bosi. Akatazama bakuli. Akatazama karanga, njano tupu. Akainamisha shingo avishwe shada.

"Sharti ni sharti," wakasema wazee. Durgappa, asiye na shamba tena, akaokota bakuli.

Basangouda akafungua mdomo. Gangavva akamuwahi: "Mpe mume wangu shamba lingine, Gouda. Nalo tutaligawa; wasio na ardhi bado ni wengi."

Basangouda akageuka, akashika njia ya kwake.

Maji yakafika kwa Hullavva siku ile ile. Lakini Gangavva alikuwa na shamba siku arobaini tu maishani mwake. Mallesha alipomletea karanga za kwanza, alizila amesimama, mpaka ganda la mwisho.

Bwawa hilo, alisema Mama Shantavva, liligawa hivyo vizazi na vizazi, mpaka ofisi ya serikali ikaja na kufuli la kizibo. Sasa limejaa tope na miiba. Bata hawatui. Vijana wako mjini wanabeba matofali.

Ngano nimeitua, aliye na kichwa ajitwike.

Na nyie mnaogawa maji, viwanja na ajira, huko na hapa kwetu: leteni orodha ya mashamba yenu hadharani, tuisome wote. Yatoeni, au wekeni bakuli chini mshuke.